Wenye Ndoo na Wenye Marungu

Jirani yangu mmoja hapa Tanga, fundi cherehani aliyenipita umri kwa miaka ishirini, alimeza vidonge vya kifua kikuu miezi sita. Makohozi yake yalipimwa mara kadhaa na hayakuonyesha bakteria hata mmoja. Lakini picha ya kifua ilikuwa na mitoki mikubwa pande zote mbili, na kwetu huku mwenye picha ya namna hiyo huanzishiwa dawa kwanza, maswali hufuata baadaye. Dawa zikaisha, kikohozi kikabaki. Wakamkata kinyama kidogo, wakakipeleka maabara, na majibu yakarudi na neno ambalo hakuna mtu mtaani aliyewahi kulisikia: sarkoidosisi.

"Wamenieleza kwamba mwili wangu unapigana," aliniambia, mguu ukiwa bado juu ya pedali ya cherehani. "Nikawauliza, unapigana na nani? Wakasema hawamjui. Hebu niambie, mwanangu, mtu atapiganaje na asiyemjua?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni ile tabia ya kuyafuata maneno hadi yalikotoka. Nikaanza kulirudisha neno lile nyuma, makala kwa makala na mji kwa mji, hadi likanifikisha kwenye gati moja la makaa ya mawe jijini London, mwaka 1869.

Mabaka ya mtu wa makaa

Januari ya mwaka huo, mwanamume wa miaka 58 aliyefanya kazi kwenye gati hilo alikwenda kuonekana katika hospitali ya magonjwa ya ngozi ya Blackfriars. Miguuni na mikononi alikuwa na mabaka ya zambarau yaliyoinuka juu ya ngozi. Aliyempokea alikuwa Jonathan Hutchinson, mmoja wa mabingwa wakubwa wa enzi yake. Hadi leo meno ya watoto waliozaliwa na kaswende yanaitwa kwa jina lake. Hutchinson aliyatazama mabaka, akasikia kwamba mgonjwa ana jongo, akahisi huenda jongo ndilo chanzo. Yule mtu alifariki mwaka 1875, figo zikiwa zimeshindwa kazi. Aliondoka na ugonjwa usio na jina.

Mwaka huohuo wa 1869 Hutchinson alisafiri hadi Christiania, mji mkuu wa Norwei ambao leo unaitwa Oslo. Norwei ya wakati ule ilikuwa shule ya ukoma. Profesa wa ngozi wa mji huo, Carl Wilhelm Boeck, alikuwa ameandika pamoja na Daniel Danielssen kitabu kikubwa juu ya ugonjwa huo mwaka 1847. Huko Hutchinson akaonyeshwa picha ya rangi ya mgonjwa mwenye mabaka kama ya mtu wake wa London. Akajua kwamba hakuwa ameona kioja cha mtu mmoja.

Hutchinson alikuwa mtafutaji wa vyanzo asiyechoka, na uchu huo mara nyingine ulimpoteza. Gerhard Armauer Hansen wa Bergen alimwona bakteria wa ukoma mwaka 1873, lakini Hutchinson aliendelea kushikilia kwamba ukoma unaletwa na kula samaki walioharibika, na mwaka 1906 akachapisha kitabu kizima kuitetea hoja hiyo. Sisi wa pwani tuliolelewa kwa ng'onda tunaweza kucheka. Hata hivyo, mbinu yake ndiyo iliyokuwepo: muulize mgonjwa anakula nini, anafanya kazi gani, anaishi na nani, kisha unganisha na bahati yako. Shahidi alikuwa mgonjwa mwenyewe, na mgonjwa hajui kinachoendelea ndani ya tezi zake.

Mwaka 1898 Hutchinson alieleza habari za mgonjwa mwingine, mwanamke aliyeitwa Bi Mortimer, akauita ugonjwa huo kwa jina la mama huyo. Jina halikushika. Lililoshika lilizaliwa mwaka mmoja baadaye, kulekule Norwei.

Askari na nyama isiyo nyama

Caesar Boeck, mtoto wa ndugu yake yule profesa, alimpata askari polisi mwenye vinundu vya ngozi na mitoki iliyovimba. Tofauti na Hutchinson, yeye alikata kipande cha kinundu, akakiweka chini ya hadubini. Alichokiona kilimkumbusha sarkoma, saratani ya nyama za mwili, ila hiki hakikuwa na ukatili wa saratani. Mwaka 1899 akaviita vinundu hivyo sarkoidi, yaani vilivyo mfano wa sarkoma, akaongeza kwamba ni vya salama. Kwa hiyo neno aliloletewa jirani yangu lilianza kama ulinganisho uliokosea: ugonjwa huu hauna undugu wowote na saratani.

Lakini macho ya Boeck yalikuwa sahihi. Alichokieleza ndicho tunachokiita leo granuloma: kifungu cha seli zinazomeza uchafu wa mwili, zimebanana bega kwa bega, na pembeni yake ukuta wa chembe nyeupe ndogondogo. Mwili hujenga kitu cha namna hii unapokutana na kitu usichoweza kukimaliza. Ukishindwa kumuua adui, unamzungushia boma. Kifua kikuu hujenga boma kama hilo, na katikati yake tishu hufa na kulainika kama jibini. Boma la sarkoidosisi halina kitu kilichokufa katikati. Ukilipasua, hakuna mfungwa ndani.

Hapo ndipo kitendawili kilipozaliwa. Boma liko, walinzi wako, aliyezungushiwa boma haonekani. Boeck mwenyewe baadaye aliegemea kwa bakteria fulani wa ukoo wa kifua kikuu. Jörgen Schaumann wa Stockholm, ambaye mwaka 1914 aliandika tasnifu iliyounganisha ngozi, mapafu, mifupa na tezi kuwa ugonjwa mmoja wa mwili mzima, naye alimshuku bakteria huyohuyo. Tasnifu yake ilipata tuzo Ufaransa, kisha ikakaa hadi mwaka 1936 ndipo ikachapishwa yote.

Ushahidi dhidi ya mshukiwa ulikuwa wa ajabu. Ukimchoma mgonjwa wa kifua kikuu tuberkulini, dondoo la bakteria wa ugonjwa huo, chini ya ngozi, ngozi hufura. Wagonjwa wa sarkoidosisi, ambao vifua vyao vilijaa maboma, walichomwa na ngozi zao mara nyingi hazikufanya chochote. Ilikuwa kama mji uliojaa askari ambao hawashtuki adui anapobisha hodi.

Tezi iliyosagwa

Oslo, 1941. Nchi iko chini ya majeshi ya Ujerumani, na daktari wa ngozi Ansgar Kveim anachapisha jaribio ambalo lingeonekana kama uganga. Alichukua tezi ya mgonjwa wa sarkoidosisi, akaisaga, akaipasha moto ili kuua vijidudu, kisha akawachoma wagonjwa wengine kiasi kidogo cha maji yake chini ya ngozi. Kwa siku za mwanzo hakuna kilichotokea. Wiki zikapita. Kwa wagonjwa 12 kati ya 13, kinundu kikaota palepale sindano ilipoingia, na kilipokatwa kikaonekana kuwa ni boma lilelile, granuloma isiyo na mfungwa. Watu wasio na ugonjwa huo hawakuota kitu.

Walio makini walielewa maana yake mara moja. Ndani ya ile tezi iliyosagwa, iliyopashwa moto, isiyo na kijidudu hai, kulikuwa na kitu ambacho miili ya wagonjwa ilikitambua. Mjini New York, Louis Siltzbach wa hospitali ya Mount Sinai alitengeneza dawa ya kipimo hicho kutokana na wengu wa wagonjwa, ikatumika sehemu nyingi za dunia kwa miongo kadhaa. Leo imekwisha kuachwa; hakuna anayetaka kumchoma mtu tishu ya mtu mwingine baada ya yale tuliyojifunza juu ya magonjwa yanayopitia damu. Kitu kilichokuwa ndani ya chupa kilibaki bila kutajwa.

Nilipofika hapa kwenye njia yangu nilikata tamaa kidogo. Miaka 70 na zaidi ya kumtafuta mkosaji kwa hadubini, kwa sindano, kwa kuotesha vijidudu kwenye bakuli, na kila mtu alirudi mikono mitupu. Kisha nikafika mwaka 1981, na njia ikageuka.

Waangalie wanaokimbia

Yowe likipigwa kijijini usiku, huna haja ya kufika kwenye tukio ili ujue kuna nini. Simama mlangoni uwatazame wanaopita mbio. Wakiwa na ndoo, kuna nyumba inaungua. Wakiwa na marungu, ni mwizi. Wakiwa na mikuki na mienge, fisi kaingia zizini. Wakitoka mikono mitupu, wamejitanda kanga, ni msiba.

Gary Hunninghake na Ronald Crystal, waliofanya kazi kwenye taasisi za afya za taifa za Marekani mjini Bethesda, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kusimama mlangoni. Walipitisha mrija mwembamba hadi ndani ya mapafu ya wagonjwa, wakaingiza maji ya chumvi, wakayavuta tena, wakahesabu seli zilizotoka nayo. Mapafu yalikuwa yamefurika chembe nyeupe za kundi moja: seli T wasaidizi, ambazo leo tunaziita CD4. Katika damu ya wagonjwa haohao seli hizo zilikuwa pungufu.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa CD4 ni nini. Tumezihesabu kwenye kliniki zetu kwa miaka mingi. Ni sadfa ya kusikitisha kwamba ripoti za kwanza za UKIMWI zilitoka Marekani mwaka huohuo wa 1981. Ugonjwa mmoja ukiziangamiza seli hizi, mwingine ukizirundika mahali pamoja. Na magonjwa haya mawili hukutana: imewahi kuripotiwa kwamba mwenye VVU anapoanza ARV na CD4 zake zikapanda, sarkoidosisi nayo hujitokeza, kana kwamba ilikuwa ikisubiri askari warudi kazini.

Matokeo ya Bethesda yalitoa pia maelezo ya ile ngozi isiyoshtuka. Askari wote walikuwa wamekimbilia kifuani. Ngozini hakubaki mtu wa kuitikia hodi. Basi swali likabadilika. Watafiti waliacha kuuliza, "Mkosaji yuko wapi?" Wakaanza kuuliza, "Hawa waliokuja, wamebeba nini?"

Mchujo

Ili kulijibu swali hilo ilibidi kwanza ijulikane kwamba seli T hubeba kitu, na hadithi hiyo ilikuwa ikiandikwa mbali na wodi za sarkoidosisi.

Nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo, kuna tezi ndogo iitwayo thaimasi. Kwa karne nyingi ilidhaniwa haina kazi ya maana. Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, aliwatoa panya tezi hiyo mara tu walipozaliwa, akaona kwamba walikua bila kinga: ngozi ya panya mwingine waliyobandikwa hawakuikataa. Herufi T katika seli T ni ya tezi hiyo. Mwaka 1974 mjini Canberra, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel wakaonyesha jambo lisilotarajiwa. Seli T haioni kijidudu kizima. Huona kipande chake tu, tena sharti kipande hicho kiwe kimeandaliwa juu ya molekuli za mwili wenyewe, ambazo kwa binadamu huitwa HLA. Ifikirie HLA kuwa ni sinia: kila seli huweka nje, juu ya sinia lake, vipande vya protini zilizomo ndani, na seli T hupita nyumba kwa nyumba ikikagua. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, na Doherty, ambaye ni daktari wa mifugo kwa fani, aliwahi kuketi kwenye bodi ya maabara ya kimataifa ya magonjwa ya wanyama iliyokuwa Nairobi.

Kiungo kinachokagua sinia, kipokezi cha seli T, kilijificha hadi mwaka 1984. Mark Davis na Stephen Hedrick upande wa panya, na Tak Mak wa Toronto upande wa binadamu, walizipata jeni zake na kuzitangaza kwa wakati mmoja. Kipokezi kina minyororo miwili, alfa na beta. Kila mnyororo huungwa kwa kuchanganya vipande vya jeni kama mtu anayechanganya karata, hata mwili mmoja ukawa na mamilioni ya vipokezi tofauti. Kila seli hubeba cha aina yake.

Karata zikichanganywa ovyo, nyingi hutoka mbaya. Ndiyo maana kuna mchujo, na mchujo hufanyika thaimasi. Seli changa hupelekwa mbele ya sinia la nyumbani. Isiyoweza kulishika kabisa hufa, kwa kuwa haitafaa kitu. Inayolishika kwa nguvu kupita kiasi huuawa, maana ndiyo itakayowageukia wenyeji. Mwaka 1987 John Kappler na Philippa Marrack, mume na mke waliofanya kazi Denver, waliona wazi seli za hatari zikiondolewa. Mwaka uliofuata Harald von Boehmer na wenzake mjini Basel wakauonyesha mchujo pande zote mbili. Inakadiriwa kwamba wanaofaulu hawafiki 5 katika kila 100.

Tazama sasa matokeo yake. Masinia tunarithi kutoka kwa wazazi wetu, na yanatofautiana kati ya mtu na mtu. Sinia lako ndilo lililoamua seli zipi zifaulu ulipokuwa mtoto, na ndilo linaloamua vipande vipi vinaweza kukaa juu yake sasa. Kuna na mchujo wa pili, wa ukubwani: kipande kigeni kikitua juu ya sinia mapafuni, seli zenye kipokezi kinachokitoshea huzaliana, nyingine hupita zao. Kwa hiyo ukihesabu vipokezi katika maji yaliyoosha mapafu, na ukikuta aina moja imejirudia kupita kawaida, umeona ndoo. Hujauona moto, lakini huwezi tena kusema kwamba watu wamekusanyika kwa bahati.

Mwaka 1988 David Moller, akiwa kwenye maabara ya Crystal, aliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa na ziada ya seli zenye kipande kimoja cha mnyororo wa beta. Mwaka 1995 kundi lake likarudi kwenye chupa ya Kveim. Kwenye vinundu vilivyoota pale sindano ilipoingia, seli zilizokusanyika nazo zilikuwa za vipokezi vichache vilivyochaguliwa. Kile kitu kisicho na jina kilikuwa kikiwaita watu fulani kwa majina yao.

Stockholm, kipande 2.3

Ndoo iliyo wazi kuliko zote ilionekana Uswidi, na haikuwa bahati tu. Mjini Stockholm, Sven Löfgren alikuwa amechunguza watu wazima 185 waliotoka vinundu vyekundu vyenye maumivu kwenye miundi ya miguu, akachapisha kazi yake mwaka 1946. Kutokana na kazi hiyo na zilizofuata, alitenga kundi la wagonjwa ambao ugonjwa wao huanza kwa kishindo: homa, vifundo vya miguu vinavimba, vile vinundu vya miundi, na mitoki pande zote mbili za kifua. Hadi leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Wagonjwa wa Löfgren ni zawadi kwa mtafiti. Ugonjwa wa sarkoidosisi kwa kawaida hunyemelea, hujui ulianza lini. Wao wanaweza kukutajia hata juma.

Johan Grunewald na Anders Eklund wa taasisi ya Karolinska waliyachukua maji ya mapafu ya wagonjwa wa Uswidi, wakahesabu vipokezi. Mwaka 1992 wakatangaza walichokiona. Kipande cha mnyororo wa alfa kilichopewa namba 2.3, ambacho kwenye damu hubebwa na asilimia chache tu ya seli za CD4, mapafuni kwa baadhi ya wagonjwa kilipita asilimia 10, wengine wakapita hapo kwa mbali. Wenye mrundikano huo walikuwa wale waliorithi sinia la aina moja, HLA-DR3. Baadaye ilionekana kwamba hata mwenzi wa kipande hicho kwenye mnyororo wa beta mara nyingi ni yuleyule. Watu ambao si ndugu, wasiojuana, walioishi mitaa tofauti, wamekimbilia kwenye tukio na ndoo za kiwanda kimoja.

Kilichonishangaza zaidi ni namna umati huo unavyohusiana na kupona. Miongoni mwa wagonjwa wa Löfgren, wenye DR3 karibu wote hupona ndani ya miaka miwili, wakati kwa wasio nayo ni takriban nusu tu. Na ugonjwa ukitulia, zile seli za 2.3 hupungua mapafuni. Inaelekea hawa si wahuni waliovamia mtaa. Ni wazima moto hasa, wanaokuja wengi, wanafanya kazi, wanarudi makwao.

Watafiti walikwenda hatua nyingine mwaka 2007. Walivitoa vipande vyenyewe vya protini kwenye masinia ya seli za mapafu ya wagonjwa, wakavisoma kimoja kimoja. Miongoni mwao kulikuwa na vipande vya vimentini, ambayo ni protini ya mwili wetu wenyewe. Mwaka 2016 Grunewald na wenzake walijenga kwa kompyuta umbo la kile kipokezi juu ya DR3, wakaona kwamba kipande cha mkia wa vimentini kingeweza kutoshea. Je, waliokuja na ndoo wanamwagia maji nyumba isiyoungua?

Vumbi la Salem

Kabla ya kulijibu hilo, njia hupinda kupita mji wa Salem, jimbo la Massachusetts. Miaka ya 1940 wasichana waliofanya kazi kwenye kiwanda cha taa za mirija walianza kukohoa na kukonda. Watu waliuita ugonjwa wao sarkoidi ya Salem, kwa jinsi ulivyofanana. Mwaka 1946 Harriet Hardy aliripoti visa hivyo, na uchunguzi ukaelekea kwenye beriliamu, metali nyepesi iliyokuwemo katika unga uliopakwa ndani ya mirija. Boma lilikuwa lilelile, ila safari hii mfungwa alikuwa na jina.

Mwaka 1993 ilionekana kwamba wengi wa wanaougua kwa vumbi hilo wana alama moja kwenye sinia lao, HLA-DP. Na mwaka 2014, kundi la Denver lenye Kappler na Andrew Fontenot lilionyesha umbo la tukio zima. Kipokezi hakiigusi metali. Beriliamu imezama chini ya kipande cha protini, na kwa kuzama kwake imekibadilisha kidogo sura kile kilicho juu. Kitu cha kawaida cha nyumbani kinaonekana kigeni, na seli T zinapiga yowe. Lau mtu angemtafuta adui huyo kwa kuotesha vijidudu, angetafuta hadi kiama.

Hospitali ya Denver ambayo Kappler na Marrack walifanyia kazi ilifunguliwa mwaka 1899 kwa ajili ya maskini wenye kifua kikuu, mwaka uleule Boeck alipomweka yule askari chini ya hadubini. Inafaa kwamba miaka 122 baadaye njia hizo mbili zilikutana. Mwaka 2021 watafiti wa Colorado na wa Stockholm walivichukua vipokezi vya wagonjwa wa Löfgren wenye DR3, wakavipandikiza kwenye seli za maabara, wakavipitisha mbele ya mkusanyiko mkubwa wa vipande vya protini, wakisubiri kimoja kizishtue. Kilichozishtua kilitoka kwenye protini ya ukungu uitwao Aspergillus nidulans, kuvu wa kawaida wa udongoni. Tena damu za wagonjwa wa Löfgren zilikuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya ukungu huo.

Hiyo si hukumu. Kipokezi kimoja kinaweza kushika vipande vingi vinavyofanana, na kumkuta mtu anaijua sura ya mshukiwa si kumkuta mshukiwa kwenye tukio. Lakini safari hii jina la kiumbe lilitajwa na seli zenyewe, si kwa kubahatisha kwa daktari.

Swali la fundi

Nilirudi kwa jirani yangu na haya yote kichwani, nikiwa sijui nianze wapi. Njia niliyoifuata ilipita London, Oslo, Stockholm, Bethesda na Denver, haikupita kwetu. Hajapimwa HLA, na maji ya mapafu yake hayajafika Karolinska. Sinia la DR3 ni hadithi ya watu wa Skandinavia kuliko watu wa asili ya Afrika, ambao huko Marekani ndio ugonjwa huu huwapata zaidi na kuwakalia vibaya zaidi. Hata ile miezi sita ya vidonge alivyomeza ina historia yake hapa: ni majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki miaka ya 1970, kwa ushirikiano na Waingereza, yaliyoonyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa muda mfupi kiasi hicho. Tulifundisha dunia kukitibu kifua kikuu, na kwa sababu kimetuzunguka, kila boma kifuani tunalisoma kuwa lake.

Nikamweleza habari ya yowe, ndoo na marungu. Aliisikiliza yote, sindano ikipanda na kushuka.

"Uliniuliza, mama, mtu atapiganaje na asiyemjua," nikamwambia. "Nimetafuta. Askari wako wanamjua. Kila mmoja wao amechujwa, na kila aliyefika kifuani amefika kwa sababu kuna kitu amekitambua. Wasiomjua ni sisi tunaotazama kutoka nje."

Akasimamisha cherehani, akakata uzi kwa meno.

"Basi si mwaulize wao?"